Marki moja kwa moja: kwa nini viwanda vya Ujerumani Mashariki vilianguka baada ya muungano

Geuza friji jipya uangalie kibandiko cha nyuma. Mara nyingi utakuta imeandikwa R600a, yaani gesi inayopoza ndani ni isobutani, ambayo haiharibu tabaka la ozoni. Friji la nyumbani la kwanza la kisasa kutumia gesi za jamii hiyo na kutengenezwa kwa wingi lilitoka mwaka 1993 Scharfenstein, kijiji cha Saxony, katika kiwanda kilichokuwa mali ya serikali ya Ujerumani Mashariki. Watengenezaji wakubwa wa Magharibi walionya kwamba friji hilo ni hatari, kisha nao wakaifuata teknolojia ileile. Mwaka 1996 kampuni iliyolianzisha, Foron, ilifilisika.

Kisa cha Foron kinalivuruga jibu ambalo wengi wanalo tayari mdomoni, kwamba viwanda vya Mashariki vilikufa kwa sababu bidhaa zake zilikuwa mbovu. Nyingi zilikuwa mbovu kweli. Gari la Trabant, lenye bodi ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za pamba, lilisubiriwa kwa zaidi ya miaka 10, na likakosa mnunuzi mara tu watu walipopata uhuru wa kuchagua. Lakini ubovu wa bidhaa hautoshi kueleza uzalishaji wa viwanda kushuka hadi karibu nusu ndani ya miezi michache, wala ajira kutoka zaidi ya milioni 9.5 mwaka 1989 hadi milioni 6 na ushee miaka minne baadaye. Majengo yalikuwa yaleyale, mitambo ileile, mafundi walewale. Kilichobadilika ghafla ni hesabu.

Wazanzibari wanaijua Ujerumani Mashariki kwa macho: nyumba za Kikwajuni na mradi wa Michenzani vilianza kwa msaada wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa vipimo vya kambi ya kikomunisti ilikuwa nchi ya viwanda hasa, ikitengeneza mabehewa, meli, lenzi, kemikali na mitambo ya uchapaji. Hiyo ndiyo nchi iliyobadilishiwa sarafu, marki yake ikiachwa na kuchukuliwa ya Ujerumani Magharibi, Jumapili ya tarehe 1 Julai 1990, miezi mitatu kabla ya muungano wa kisiasa wa tarehe 3 Oktoba. Pesa ilitangulia, bendera ikafuata.

Watu husema "marki moja kwa moja" kana kwamba kiwango kilikuwa kimoja. Vilikuwa kadhaa. Mishahara, pensheni na kodi za nyumba zilihamishwa moja kwa moja, yaani marki moja ya Mashariki kwa moja ya Magharibi. Akiba ya benki ilihamishwa hivyohivyo, ila kwa kikomo: marki 2,000 kwa watoto wa chini ya miaka 14, marki 4,000 kwa watu wazima, na marki 6,000 kwa waliofikisha miaka 60. Akiba iliyozidi hapo ilikatwa nusu, marki mbili za Mashariki kwa moja ya Magharibi. Madeni nayo yalikatwa nusu. Fedha ambazo watu wasio wakazi walikuwa wameziweka baada ya mwisho wa 1989 zilibadilishwa tatu kwa moja, ili kuwabana walanguzi. Ukichanganya zote pamoja, wastani ulikuwa kama 1.8 kwa moja.

Ubishi mkali wa wakati ule ulihusu akiba, na ndiyo watu wanaoukumbuka. Naona ulikuwa ubishi wa mahali pasipohusika sana. Akiba hubadilishwa mara moja tu. Ikizidi kidogo, benki kuu inaweza kudhibiti mfumuko wa bei, na Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani Magharibi, ilifanya hivyo. Mshahara unalipwa kila mwezi, na ndio unaoingia katika gharama ya kila kitu kinachotoka kiwandani. Sumu ilikuwa humo.

Ili kuielewa, tazama namba ambayo serikali ya Mashariki haikuitangaza. Wahasibu wake wa biashara ya nje walikuwa wakikokotoa kila mwaka ni marki ngapi za ndani zinatumika ili kupata marki moja ya Magharibi kwa kuuza nje. Mwaka 1988 ilikuwa kama 4.4. Tuchukue friji la mfano linaloigharimu nchi marki 880 kulitengeneza, kisha linauzwa kwa duka la Magharibi kwa marki 200 za huko. Biashara hii ilikuwepo kweli. Friji na mashine nyingi za Mashariki ziliuzwa Magharibi kupitia katalogi, zikiwa na chapa ya muuzaji. Serikali ilichukua zile marki 200 ngumu ikanunulia kahawa, chuma au mitambo, na kiwanda ikakilipa marki 880 za ndani. Kwa mwenye kiwanda, pengo halikuonekana.

Asubuhi ya tarehe 1 Julai pengo likawa lake. Bei ya friji kule Magharibi ilibaki palepale, marki 200. Malighafi na vipuri sasa aliweza kuvinunua kwa bei ya dunia, hivyo sehemu hiyo ya gharama ilishuka. Mishahara haikushuka hata senti. Kama katika zile marki 880 mishahara ya kiwanda ilikuwa 300, basi sasa ni marki 300 za Magharibi, zaidi ya bei yote ya friji, kabla hujanunua bati wala umeme. Kila friji lililotoka mlangoni lilikuwa hasara, na kutengeneza mengi zaidi kuliongeza hasara tu. Ni sawa na sarafu ya nchi kupandishwa thamani mara nne kwa usiku mmoja. Sijui kiwanda kingeponea wapi hapo, kiwe cha Mashariki au cha Magharibi.

Hivyo ndivyo mshahara ulivyoanza. Ulivyoendelea ni jambo jingine, na kwangu ndilo lililokuwa na madhara makubwa kuliko kiwango chenyewe. Mfanyakazi wa Mashariki mwaka 1990 alilipwa karibu theluthi moja ya mwenzake wa Magharibi, na tija yake, yaani thamani anayoizalisha kwa saa, nayo ilikuwa karibu theluthi. Kwa hesabu kavu, vitu viwili hivyo vililingana. Machi 1991 sekta ya chuma na mitambo ilikubaliana kuipandisha mishahara ya Mashariki hadi ilingane kikamilifu na ya Magharibi ifikapo 1994. Tija isingeweza kupanda kwa kasi hiyo, maana hutegemea mitambo mipya, barabara, simu na wateja.

Waliokaa mezani ni muhimu kuwajua. Vyama vya wafanyakazi vya Magharibi vilikuwa vimeshafungua matawi Mashariki, na havikutaka mishahara midogo ya huko ije kuwashusha wanachama wao wa nyumbani. Vyama vya waajiri navyo viliongozwa kutoka Magharibi, na wanachama wao hawakuwa na hamu ya mshindani wa bei rahisi mlangoni. Mameneja wa Mashariki waliendesha viwanda visivyo vyao, ambavyo hasara yake ililipwa na serikali, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kukaza. Mfanyakazi mwenyewe alijua kwamba akipunguzwa, posho ya kukosa kazi itakokotolewa kwa mshahara wake wa mwisho. Mshahara mkubwa kwa mwaka mmoja ulikuwa na faida hata kama kiwanda kitafungwa. Kila mmoja alitenda kwa akili katika nafasi yake. Aliyekosekana mezani ni yule ambaye angekuja kuajiriwa baadaye na kiwanda ambacho hakikujengwa. Mwaka 1993 waajiri waliuvunja mkataba ule, mgomo ukafuata, na tarehe ya kulinganisha ikasogezwa mbele.

Je, wangeweza kungoja, kila upande ubaki na sarafu yake kwa miaka kumi? Wachumi wengi walilitaka hilo, na Karl Otto Pöhl, gavana wa Bundesbank, hakuipenda haraka ile. Alijiuzulu mwaka 1991. Lakini mpaka ulikuwa wazi. Watu zaidi ya 340,000 walihama Mashariki mwaka 1989, na Januari 1990 walikuwa wanaondoka kama 2,000 kwa siku. Waandamanaji walibeba maneno haya: marki ikija tutabaki, isipokuja tutaifuata. Mhandisi wa miaka 28 anayeweza kupanda treni asubuhi na kupata mshahara mara tatu jioni hangojei mpango wa miaka kumi. Ndiyo maana siwalaumu walioamua kuhusu sarafu kama ninavyolaumu yaliyofuata.

Wateja walipotea kwa pande mbili kwa wakati mmoja. Nyumbani, siku sarafu ilipobadilika, maduka yalijazwa bidhaa za Magharibi hadi maziwa na mikate, na watu waliokaa miaka 40 wakizitamani walizinunua. Maziwa ya ng'ombe wa jirani yalikosa soko. Nje, mnunuzi mkuu alikuwa Umoja wa Kisovieti, aliyelipa kwa hesabu za rubli, sarafu yake, ndani ya jumuiya ya biashara ya nchi za kikomunisti. Kuanzia tarehe 1 Januari 1991 biashara ile ilitakiwa kulipwa kwa fedha ngumu, ambazo Wasovieti hawakuwa nazo, na kabla mwaka haujaisha nchi yao yenyewe ilisambaratika. Kiwanda cha mabehewa cha Ammendorf na viwanda vya meli vya Wismar na Stralsund vilikuwa vimejengwa kwa ajili ya mteja huyo mmoja.

Juu ya hayo kulikuwa na deni la ajabu. Katika uchumi wa mipango, kiwanda kilipeleka karibu faida yote serikalini, kisha kikapewa "mkopo" na benki ya serikali ili kununua mitambo. Fedha zilitoka mfuko mmoja wa serikali zikaingia mwingine. Hakuna aliyetarajia kufilisi au kufilisiwa. Muungano wa sarafu uliyageuza maandishi hayo kuwa madeni halisi, nusu ya kiasi, yenye riba ya soko. Meneja alijikuta anadaiwa fedha ambazo kwa kweli zilikuwa faida yake mwenyewe aliyonyang'anywa. Mashirika ya nyumba na vyama vya ushirika vya wakulima yalibebeshwa mzigo huohuo.

Sasa tuje kwa Treuhand, wakala aliyekabidhiwa mali yote hii. Aliundwa Machi 1990, akapewa sheria yake Juni mwaka huo, na kufunga milango mwisho wa 1994. Alianza na mashirika ya umma kama 8,500 yenye wafanyakazi milioni 4 hivi. Alipoyakata makubwa vipandevipande, orodha ilizidi 12,000. Mkuu wake, Detlev Rohwedder, alidhani mali hiyo ingeleta marki bilioni 600. Aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Düsseldorf tarehe 1 Aprili 1991, na Birgit Breuel akashika nafasi. Hesabu ilipofungwa, badala ya faida kulikuwa na nakisi ya marki bilioni 256 hivi.

Mnunuzi alileta mpango wenye mambo matatu: bei, idadi ya ajira anazoahidi kuzilinda, na kiasi atakachowekeza. Ahadi mbili za mwisho ziliwekewa faini kwenye mkataba. Treuhand kwa kawaida alifuta deni la zamani na kubeba sehemu kubwa ya gharama ya kusafisha uchafuzi, ambao katika eneo la kemikali la Bitterfeld na Leuna ulikuwa umeingia hadi kwenye maji ya ardhini. Ndiyo sababu viwanda vingine viliuzwa kwa marki moja. Bei hiyo huwakasirisha watu hadi leo, lakini ukihesabu hasara za kila mwezi na udongo wenye sumu, mara nyingine hata marki moja ilikuwa juu.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kuuza kila kitu kwa pamoja. Maelfu ya viwanda sokoni ndani ya miaka minne, wanunuzi wenye mtaji ni wachache, na wote wanajua kuwa muuzaji ana haraka. Matokeo hayakuepukika: karibu asilimia 85 ya mali ilikwenda kwa watu na kampuni za Magharibi, na wananchi wa Mashariki, waliokuwa na akiba ya marki elfu chache, wakapata takriban asilimia 5. Mnunuzi mwingine alikuwa tayari na kiwanda chake Magharibi chenye mitambo isiyotumika yote. Alichokitaka ni wateja, chapa au kiwanja. Kulikuwa pia na wizi wa wazi. Ruzuku za mamia ya mamilioni zilizotolewa kwa viwanda vya meli vya Mashariki ziliishia kwenye hazina ya kampuni mama, Bremer Vulkan, iliyofilisika 1996. Na huko Bischofferode, Thuringia, wachimbaji wa potashi waligoma kula mwaka 1993 kupinga mgodi wao kufungwa baada ya mashirika ya potashi ya pande mbili kuunganishwa. Mgodi ulifungwa mwaka huohuo.

Palipokuwa na mnunuzi aliyejua kazi, mambo yalikuwa tofauti. Kiwanda cha mvinyo wa mapovu cha Rotkäppchen, Freyburg, kilinunuliwa 1993 na mameneja wake wenyewe pamoja na mwekezaji. Mwaka 2002 kikainunua chapa maarufu ya Magharibi, Mumm.

Hata mwekezaji mwema alikwama kwenye hatimiliki. Juni 1990 serikali mbili zilikubaliana kwamba mali iliyotaifishwa irudishwe kwa mwenyewe kwanza, fidia iwe ya pili, isipokuwa iliyochukuliwa chini ya Wasovieti kati ya 1945 na 1949. Kwa haki, ni kanuni ya heshima. Kwa uchumi, ilikuwa pingu. Mali zaidi ya milioni 2 zilidaiwa, daftari za ardhi zilikuwa hazijatunzwa kwa miongo, na maofisa wa kuzisoma walikuwa wachache. Benki haitoi mkopo kwa dhamana ya kiwanja ambacho mjukuu wa mtu fulani anaweza kukidai kesho. Sheria za 1991 na 1992 ziligeuza mpangilio: mwenye mpango wa kuwekeza apewe kiwanja, mdai alipwe fedha. Muda uliopotea ulikuwa ule ambao viwanda vilihitaji pumzi.

Ukiangalia takwimu za ukosefu wa ajira za 1991 utashangaa, maana hazifanani na maangamizi haya. Watu walifichwa. Wengine waliwekwa kwenye "saa fupi", ambazo kwa wengi zilikuwa saa sifuri: uko kwenye orodha ya kiwanda, unalipwa na bima, hufanyi kazi. Masika ya mwaka huo walifika kama milioni 2. Wenye miaka ya hamsini na kitu walistaafishwa mapema. Wengine walipewa kazi za muda za serikali, pengine kubomoa kiwanda walichokuwa wakikifanyia kazi. Na kiwanda cha Mashariki hakikuwa mahali pa mshahara tu. Chekechea, kliniki, kantini na nyumba ya mapumziko vilikuwa vyake. Kilipofungwa, mama aliyepata kazi kwingine alilazimika kutafuta upya pa kumwacha mtoto.

Nani alilipa? Kansela Helmut Kohl aliingia uchaguzi wa 1990 akiahidi kwamba kodi hazitapandishwa kwa ajili ya muungano. Mfuko wa Umoja wa Ujerumani wa marki bilioni 115 ulikuwa wa mkopo kwa bilioni 95. Ahadi ilidumu miezi. Nyongeza ya mshikamano, asilimia 7.5 ya kodi ya mapato, ilianza Julai 1991 kwa mwaka mmoja, ikarudi 1995, ikashuka hadi 5.5 mwaka 1998, na tangu 2021 walipakodi wengi hawaitozwi. Wengi huamini ilikuwa kodi ya watu wa Magharibi kwa ajili ya Mashariki. Sivyo: inalipwa pande zote mbili, na inaingia kwenye bajeti ya jumla. Mzigo usioonekana ulikuwa mkubwa zaidi, yaani mifuko ya pensheni na bima ya ajira. Aprili 1991 mchango wa bima ya ajira ulipanda kutoka asilimia 4.3 hadi 6.8 ya mshahara. Mfanyakazi na mwajiri waligawana, huku mtumishi wa serikali na aliyejiajiri wakibaki pembeni. Kuajiri mtu kukawa ghali zaidi nchi nzima, wakati uleule ambapo ajira ndiyo iliyohitajika.

Matumizi hayo yalichochea bei, na Bundesbank ikapandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 8.75 Julai 1992. Nchi za Ulaya zilizofunga sarafu zao na marki zililazimika kufuata. Uingereza, iliyokuwa tayari kwenye mdororo, ilishindwa. Tarehe 16 Septemba 1992 pauni ilitoka kwenye mfumo huo, na lira ya Italia nayo ikatoka.

Fedha nyingine zilikwenda kwenye zege. Serikali ilimruhusu mwekezaji wa majengo ya Mashariki kukata mapema nusu ya gharama yake kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi. Daktari wa Munich alinunua fleti Leipzig ili apunguze kodi, bila kuuliza nani ataipanga. Wakati huohuo vijana walikuwa wanahama. Kufikia mwaka 2000 Mashariki ilikuwa na nyumba kama milioni moja tupu, na kuanzia 2002 serikali iliyolipa kujenga ikalipa tena kubomoa.

Kilimo kilipita njia yake. Mashamba ya pamoja hayakugawanywa vipandevipande kama wengi walivyotarajia; mengi yaligeuka kuwa vyama vya ushirika au kampuni, yakapunguza watu kwa kiasi kikubwa na kubaki na eneo. Mpaka leo shamba la wastani la Mashariki ni kubwa mara kadhaa kuliko la Magharibi.

Viwanda vilivyokuja baadaye ni vya kisasa, na pato la kila mtu limepanda hadi takriban robo tatu ya Magharibi au zaidi kidogo. Dresden, iliyokuwa na wahandisi wa Robotron, shirika la kompyuta la Mashariki, ilipata viwanda vya chipu vya Siemens na AMD katika miaka ya 1990. Leuna na Schkopau bado zinatengeneza kemikali. Pensheni zilikokotolewa kwa thamani sawa pande zote kuanzia Julai 2023, miaka 33 baada ya sarafu. Kinachokosekana ni makao makuu, kwa sababu kilichonunuliwa kati ya 1990 na 1994 kiligeuka kuwa tawi. Makao makuu ndiyo yenye watafiti, wanasheria, mishahara minono na kalamu ya kuamua.

Zwickau, ambako Trabant ya mwisho ilitoka tarehe 30 Aprili 1991, Volkswagen ilijenga kiwanda kipya ambacho mwaka 2020 kiligeuzwa kuwa cha magari ya umeme pekee. Desemba 2024, kampuni ilipokubaliana na wafanyakazi namna ya kupunguza gharama, baadhi ya magari ya Zwickau yalipangiwa kuhamishiwa Wolfsburg, upande wa Magharibi, yaliko makao makuu.